Barua ya Malalamiko: Fimbo za Lakrosi Zisizokidhi Kanuni za Mchezo

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

KUH: SETI YA FIMBO ZA LAKROSI ISIYOLINGANA NA TANGAZO LENU

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni kocha wa kikundi cha watu wazima, wanaume kwa wanawake, wanaojifunza lakrosi, mchezo wa timu ambao mpira hudakwa, hubebwa na kurushwa kwa fimbo yenye mfuko wa nyuzi. Nilinunua kwenu seti ya fimbo mnayoitangaza kuwa inamfaa kila mchezaji na inakubalika mashindanoni. Nasikitika kuwaarifu kwamba fimbo hizo hazimfai mchezaji yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Kila fimbo ina urefu wa sentimita 120. Katika mchezo wa wanaume wa timu ya wachezaji 10, fimbo fupi, ambayo ndiyo ya washambuliaji na viungo wengi, huwa kati ya sentimita 102 na 107 hivi, na ile ndefu, ambayo kwa kawaida hubebwa na mabeki, huanzia sentimita 132 na kuishia 183. Yenu imeangukia katikati, mahali pasipo na fimbo halali. Kwa wanawake wa uwanjani nako imezidi, kwani ukomo wao ni sentimita 110. Angesalimika kipa peke yake, ambaye urefu huo anaruhusiwa, lakini fimbo ya kipa huhitaji kichwa, yaani fremu ya nchani inayoshikilia mfuko, kilicho kipana kuliko hiki mlicholeta.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye mfuko wa nyuzi, ambao ndio unaodaka mpira, kuubeba na kuurusha. Mchezaji mwanamume anaruhusiwa mfuko wa kina, mradi sehemu ya juu ya mpira isishuke chini ya ukingo wa chini wa ubavu wa kichwa. Kwa mwanamke, fimbo ikilazwa sawasawa huku mpira ukiwa ndani, ni lazima mpira uchomoze juu ya ukingo wa juu wa ubavu huo. Tofauti hiyo ina maana yake: wanawake hawaruhusiwi kukumbana miili kama wanaume, hivyo mpira uliozama mno ungekuwa vigumu kumpokonya aliyeubeba. Ninyi mmefunga mfuko wa aina moja katika vichwa vyote, tena wa kina kiasi kwamba hata kwa kipimo cha wanaume mpira unapotelea chini ya ubavu.

Nilipowasilisha jambo hili kwenu hapo awali, nilijibiwa kwamba nyuzi zitajikaza zenyewe kadiri fimbo itakavyotumika. Jibu hilo lilinishangaza kuliko kasoro yenyewe, kwa sababu nyuzi hulegea kwa matumizi na mfuko huzidi kushuka.

Aidha, mipini ni ya chuma chenye uwazi ndani, na ncha zake hazina vizibo, jambo linalokatazwa kwa sababu ukingo mtupu wa chuma unaweza kumjeruhi mchezaji.

Kwa hiyo naomba mchukue seti yote kwa gharama zenu na kunirudishia fedha kamili, au mniletee fimbo za wanaume na za wanawake zilizotenganishwa, kila moja ikiwa na urefu, mfuko na kizibo vinavyotakiwa. Ushauri wa kukata mipini sitaupokea, kwani utapunguza urefu na kuacha mfuko ulivyo. Naomba pia tangazo lenu lirekebishwe kabla mnunuzi mwingine hajaliamini.

Natarajia majibu yenu kwa maandishi.

Wenu mwaminifu,
Kocha na mnunuzi wa seti