Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, 2024

Ndugu wanachama,

Taa za njia zimetengenezwa, mitaro ilizibuliwa kabla ya masika, mlinzi wa usiku amebadilishwa. Haya mnayajua.

Nije kwenye linalosemwa vibarazani: kwamba mwenyekiti "amezika pesa za watu matopeni" kwa kukataa ukuta wa zege wa kuzuia mawimbi upande wa hori ya Tudor, ule mkono wa bahari hapa Mombasa. Mkutano wa uamuzi ulitangazwa mara mbili. Kati ya wanachama 64 walifika 19. Akidi isipotimia, katiba yetu inairuhusu kamati iamue, nayo ikaamua: nyasi, mikoko na mawe badala ya ukuta.

Wimbi likigonga ukuta wima halifi. Hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga chini ya msingi. Nyuma ya ukuta nako maji ya mvua hujikusanya. Matundu ya kuyatoa yakiziba, ukuta husukumwa mpaka ukapasuka. Yasipowekewa kitambaa cha kuchuja, udongo hutoka nayo kidogo kidogo na nyuma pakabaki pango. Isitoshe, ukuta ungelazimu kufyeka mikoko, na mikoko ya pwani yetu ni msitu wa serikali tangu 1932. Bila kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya, hukati hata boriti moja.

Kwenye genge, yaani ukingo ulioinuka, juu ya alama ya bamvua (maji yanapojaa kupita kawaida), tumepanda nyasi za vetiva: vichipukizi 3 kwa shimo, majani yamekatwa yabaki sentimita 20, shimo hadi shimo sentimita 15, kila mstari umepishana na mwenzake kwa kimo cha mita 1. Mizizi yake hushuka wima mita 2 na zaidi. Mstari wa chini kabisa umekauka kwa maji ya chumvi. Nilionya mapema usishushwe pale.

Topeni tumepanda aina tatu za mikoko: mlilana uko mbele, mkoko wenyewe nyuma yake, mchu juu. Mbegu za mkoko zilichaguliwa zenye pete ya manjano shingoni, kila moja ikazamishwa theluthi ya urefu wake, kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1. Kati ya miche 1,200 iko hai kama 700. Mingi iliyokufa ilikuwa chini mno, maji hayaiachi muda wa kutosha, na mwani na plastiki ikaisonga. Mchu umeliwa na mbuzi, na wenye mbuzi wanajijua.

Mikoko hii haitavunja wimbi kesho, inataka miaka. Ndiyo maana chini ya genge tulipanga mawe makavu bila saruji, maji yapenye.

Hazina: ada tulizotarajia ni shilingi 192,000, zilizoingia 96,000. Mawe, vetiva, miche na vibarua ni 118,400; pengo lilifidiwa na akiba. Ukuta ulikadiriwa kupita milioni 4. Wanaoupigania kwa sauti kubwa, wengi wao majina yao yamo kwenye orodha ya wadaiwa.

Mwakani, inshallah, tutatafuta mfadhili na pengine kuongeza miche upande wa pili. Ada ni ileile, 3,000, na mweka hazina yupo hapa leo hadi saa kumi na mbili jioni.