Ngitili ya mzungu

Collinsville, Queensland
Februari

Baba Kulwa,

Mwangaluka. Natumaini Mama Kulwa na mapacha hawajambo, na ng'ombe wamevuka kiangazi salama. Mimi mzima, ila jua la huku limenichoma hadi ukiniona utadhani nimetoka kuchimba almasi Mwadui.

Mara mbili umeniuliza kwenye simu mzungu analipwaje kwa kupumzisha malisho, nami nikaishia kucheka. Leo mvua imenifungia ndani, acha nikueleze.

Ranchi ya bosi wangu iko kando ya mto Bowen. Mto huu unaingia mto Burdekin chini ya bwawa kubwa lililokamilika 1987, kwa hiyo tope lake halina pa kutuama. Linateremka mpaka baharini, kwenye matumbawe ya Great Barrier Reef, na kuyanyima mwanga. Linatoka kwenye makorongo, na makorongo huanzia pale ng'ombe walipomaliza nyasi. Si unawajua? Watashinda mtoni wakitafuna palepale hadi udongo uwe mtupu, na nyasi za mlimani wanaziacha zikauke. Tope likishafika baharini hakuna wa kulizoa, ndiyo maana serikali inamsaidia mfugaji huku juu.

Usidhani ni hela ya mfukoni. Ruzuku ilinunua seng'enge, mabomba na mabirika ya kunyweshea. Nguvukazi ikawa yetu, yaani mimi. Tumezungushia uzio ukingo wa mto, maji tukayapandisha kule nyasi ziliko. Kitalu kimoja hufungwa tangu mvua za kwanza hadi zikatike. Tunapiga picha kwenye vigingi vilevile kila msimu, serikali ione ardhi imefunikwa kwa nyasi kiasi gani. (Mwezi uliopita niliacha geti wazi, kundi likalala humo. Picha ya kigingi hicho sikutumii.)

Sasa sema wewe, hiyo si ngitili, malisho ya akiba ya sisi Wasukuma? Babu yako alifunga mvua zikianza, akafungua kiangazi, na hakuna aliyempa hata msumari. Nilipomsimulia bosi, akauliza tunatumia uzio gani. Nikamwambia uzio wetu ni dagashida, baraza letu la jadi: ukiingiza ng'ombe, wazee wanakutoza faini. Alikaa kimya, kisha akasema angependa majirani zake wawe hivyo.

Lakini simcheki. Kufunga malisho mazuri huku benki inakudai na mvua haina ahadi kunataka moyo. Mwaka wa kwanza nyasi hazijanenepa na ng'ombe wamebanana kwingine. Bosi aliuza baadhi mapema, roho ikimuuma. Ruzuku imembebea sehemu ya hofu hiyo. HASHI, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, walipoanza kwetu 1986 walijenga juu ya kile wazee walichokijua tayari, ila hofu ya mwaka wa kwanza kila mtu aliibeba na familia yake.

Kuna jambo lililonichekesha zaidi. Nyasi tunazozilinda ni aina ya bafeli wanayoiita Biloela, jina la mji wa huku, na mbegu yake asili ilitoka Dodoma. Nimevuka bahari kuja kuchunga nyasi za Wagogo!

Nikuombe kitu. Simama chini ya ule mkwaju, piga picha ya ngitili yenu ya bondeni. Mwezi wa saba, kabla hujafungua, piga tena ukiwa palepale, unitumie zote mbili. Bosi anataka kuziona. Mimi pia.

Wabusu Kulwa na Doto.

Nduguyo wa porini