Kabla Zege Halijamwagwa: Barua kwa Vijana wa Fizikia Tiba

Wanangu,

Salamu zenu nimezipata, marahaba. Nasikia baadhi yenu mmepangiwa hospitali zinazojenga chumba cha tibamionzi, yaani cha kutibu saratani kwa mionzi, kwa mara ya kwanza, na kwamba swali mlilopokelewa nalo na mkandarasi ni lilelile tulilokuwa tukiulizwa sisi: ukuta uwe na unene gani? Msilijibu upesi. Anayeuliza hivyo anataka namba moja aende zake, na mkimpa namba hiyo tupu mmeshajitoa kwenye kazi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa nyuma ya ukuta kwa wiki, mara umbali kipeo cha pili, kisha gawanya kwa vitu vitatu: kazi ya mashine kwa wiki, sehemu ya kazi hiyo inayoelekezwa kwenye ukuta huo, na sehemu ya muda ambao mtu yupo upande wa pili. Ripoti namba 151 ya NCRP, baraza la kinga ya mionzi la Marekani, ya mwaka 2005, na ile namba 47 ya IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, ya mwaka 2006, zimeeleza kila hatua, na nyote mnazo. Kompyuta itawapa jibu kabla chai haijapoa. Kinachotaka akili ni vile vitu vitatu, kwa sababu havipatikani kwenye fizikia. Vinapatikana kwa watu wa hospitali.

Chukueni mashine ya MV 6 (megavolti, kipimo cha nguvu ya mwali), wagonjwa 30 kwa siku, greyi 3 (kipimo cha dozi ya mionzi) kila mmoja, siku 5: greyi 450 kwa wiki. Robo ya kazi hiyo inaelekea ukuta wa mashariki. Kutoka kwenye chanzo cha mionzi hadi anaposimama mtu upande wa pili ni mita 6.5, nanyi mmeruhusu milisiveti (kipimo cha mionzi inayompata mtu) 0.02 kwa wiki, ili mtu wa kawaida asivuke milisiveti 1 kwa mwaka. Mchoro unaonyesha stoo ya mashuka, mahali pa kuingia na kutoka, kwa hiyo kwenye sehemu ya muda mmeandika 1/20. Zege la kawaida litatosha kwa sm 130. Sasa miaka michache ipite, katibu wa hospitali akose ofisi, atoe mashuka, aweke meza na mhasibu wa kukaa pale kutwa. Ukuta huohuo ulipaswa kuwa sm 173. Mashine haijaguswa, mwali haujabadilika, lakini mhasibu yuko njiani kupata milisiveti 20 kwa mwaka iwapo mashine itafanya kazi yote mliyoihesabu. Hicho ndicho kikomo cha wastani cha mfanyakazi wa mionzi, na yeye hana hata kipimo cha mionzi cha kifuani.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua kompyuta, kaeni na katibu, na muuguzi mkuu, na yule mzee wa matengenezo anayejua kila mlango ulikuwa wa nini zamani. Ulizeni nini kimepangwa kujengwa pembeni na juu, si kilichopo leo tu. Mimi chumba chochote chenye paa nilikiandika 1, kana kwamba mtu yupo humo muda wote, na mkadiria majenzi alinuna kila mara. Mwacheni anune. Sentimita 43 za zege leo ni bei ya mchanga, kokoto na saruji. Kuziongeza mashine ikiwa ndani ni kusimamisha matibabu.

Ulizeni pia mashine ijayo. Wanaponunua MV 6 leo, muulizeni mkurugenzi kama baada ya miaka kumi atataka MV 10. Kwa mfano wetu wa ofisi, sm 173 zitakuwa sm 194. Ikivuka MV 10, nyutroni, chembe zinazotolewa na mwali wenye nguvu kubwa, nazo zinaingia kwenye hesabu, na mlango wa madini ya risasi peke yake hautoshi. Na anayewaambia kwamba bunka la kobalti, yaani chumba cha mashine ya zamani inayotumia mionzi ya kobalti, lipo, mashine mpya iingizwe humo, mjibuni kwa adabu: mwali wa kobalti hupunguzwa mara kumi na sm 21 za zege, wa MV 6 unataka sm 37 mara ya kwanza na 33 kila mara inayofuata.

Sisemi haya ili mchelewe. Mashine ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, pekee nchini Uganda, ilikufa mwaka 2016, na iliyochukua nafasi yake ilizinduliwa 2018. Suala la chumba cha kuiweka lilikuwa sehemu kubwa ya kungoja huko, na kuna wagonjwa waliopelekwa Nairobi kutibiwa. Mwanafizikia anayeleta mabadiliko msanifu akiwa ameshamaliza michoro naye anawangojesha wagonjwa. Maswali yote yaulizwe mwezi wa kwanza.

Kuta za pembeni, zisizopigwa na mwali mkuu, msizidharau. Matibabu ya kisasa ya IMRT, yanayochonga mwali ufuate umbo la uvimbe, huifanya mashine iwake muda mrefu zaidi kwa dozi ileile, kwa hiyo mionzi inayovuja kwenye kichwa chake huongezeka. Ikiongezeka mara 5, kuta hizo zinadai kama sm 20 zaidi. Ukuta mkuu hauhitaji nyongeza hiyo, lakini pimeni upana wake: uwanja wa mwali wa sm 40 kwa 40 ukizungushwa pembe kwa pembe, mita 6 kutoka kwenye chanzo unataka karibu mita 4 za ukuta mnene, ikiwa ni pamoja na sm 30 za ziada kila upande.

Sasa siku ya zege. Hapa wengi hubaki ofisini, na hapa ndipo nawaomba mvae buti. Hesabu zetu zote zinachukulia zege la kilo 2,350 kwa mita ya ujazo. Mhandisi wa ujenzi anajali nguvu: atapeleka kyubu, vipande vya mraba vya zege lilelile, maabara zikavunjwe, na zikifaulu ameridhika. Nyinyi zipimeni uzito kabla hazijavunjwa. Kyubu ya sm 15 kila upande iwe na kilo 7.9 hivi. Mkiona kilo 7.4, zege lenu lina kama kilo 2,200, na ule ukuta wa sm 173 ulipaswa kuwa 185. Nusu kilo kwenye mizani, sentimita 12 ukutani. Simamisheni kazi siku hiyohiyo, hata kama gari la zege linanguruma getini.

Mwangalieni mwenye vibreta, mashine ya kutetemesha zege, asichoke, maana zege lisilotetemeshwa vizuri hubaki na matundu ambayo plasta itayaficha. Jointi kati ya zege la jana na la leo isiwe mstari ulionyooka kutoka ndani hadi nje. Iwe na ngazi. Bomba la nyaya zenu za vipimo lipite kwa mshazari, kwenye ukuta wa pembeni, kamwe si kwenye ukuta mkuu. Njia ya hewa ipite juu ya mlango, mwisho wa kishoroba. Fundi wa AC atakuja na mashine ya kutoboa siku msiyomtarajia, na anayeweza kumzuia ni mtu aliyepo.

TAEC, tume ya nguvu za atomiki ya Tanzania, watataka michoro na hesabu zenu kabla ya ujenzi, na vipimo mashine ikishawaka. Wapeni vyote, lakini acheni nakala hospitalini pia: kila ukuta, kila makadirio, kwamba hapa tuliandika 1 na pale 1/20, na kwa nini. Moja ikae kwenu, moja kwa katibu, moja kwa mzee wa matengenezo. Na kwenye mlango wa kila chumba mlichokiandika chini ya 1, bandikeni kibao cha chuma: matumizi ya chumba hiki yasibadilishwe bila idhini ya mwanafizikia tiba.

Mzee wenu,
mwanafizikia tiba mstaafu
Dar es Salaam