Ramani za Mto Tana zionyeshe malka

Mhariri,

Mafuriko yakija, magazeti huchapa ramani ya Kaunti ya Tana River yenye mstari mmoja wa samawati kutoka Garissa hadi Kipini. Mto haujatulia hivyo. Chini ya Garissa ardhi ni tambarare na udongo ni laini; maji hula ukingo wa nje wa kona na kulundika mchanga upande wa ndani, hadi kona ikatike na kuacha ziwa. Mwaka 1989 mto ulihama ukauacha mradi wa umwagiliaji wa Hola bila maji.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni malka, yaani njia za mifugo kushukia mtoni, ambazo hazionekani kabisa. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei hulisha bara, mbali na mto, wakati wa mvua. Nyasi na malambo yakikauka, ng'ombe hushuka. Wapokomo nao hulima ukingoni mafuriko yakipungua, tope likiwa bado bichi. Malka iliyokaa wazi mvua nzima huonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Ikipandwa migomba, mifugo itaikuta imezibwa. Mabwawa ya Masinga (1981) na Kiambere (1988), yaliyo sehemu za juu za mto, yamezidisha msongamano huo: tope hutuama huko juu, mafuriko ya kawaida hupungua, na wakulima husogea karibu zaidi na maji.

Malka zipimwe kwa miguu, mwisho wa kiangazi, Gasa, baraza la wazee wa Wapokomo, na wazee wa wafugaji wakiwa pamoja, kwa kuwa picha za angani hazioni njia iliyo chini ya miti. Ziandikwe jina na upana. Kisha zikaguliwe upya baada ya kila furiko kubwa: ukingo ukimeguka na kuwa genge la wima, ng'ombe hawawezi kushuka, nao hutafuta mteremko ulio karibu, mara nyingi ndani ya shamba la mtu.

Wanaodai ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na Waingereza mwaka 1902, irudi kutoka British Museum wana haki. Ila malka nazo ni urithi, na hazihitaji kibali cha London.

Hifadhi ya nyani ya Tana, iliyoanzishwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega wekundu na mangabi wa Tana, aina za kima wasiopatikana kwingine, iingie kwenye ramani hiyohiyo. Misitu yake hunywa maji yanayopenya kutoka mtoni. Mkondo ukihama, miti hukauka.

Msomaji,
Garsen