Barua ya Wazi kwa Waziri wa Fedha: Ni Pato Lipi Linaloonyesha Hali ya Wananchi?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima kubwa nakuandikia kuhusu takwimu inayotangulia nyingine zote katika hotuba ya bajeti, yaani ukuaji wa Pato Ghafi la Ndani, ambalo ni thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka. Sipingi takwimu hiyo kuendelea kutolewa, kwa kuwa makadirio ya kodi na sera ya fedha ya Benki Kuu vinaitegemea. Ninachopinga ni kuitumia kama ushahidi kwamba maisha ya wananchi yameboreka. Simon Kuznets, aliyeongoza ukokotoaji wa pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo tangu mwaka 1934 kwamba ni vigumu kuukisia ustawi wa taifa kutokana na pato lake.

Tuseme mgodi unaomilikiwa na wageni umeongeza thamani ya shilingi 100 kwa mwaka. Kati ya hizo, 20 ni mishahara ya wenyeji, 15 ni kodi na mrabaha (malipo kwa serikali kwa kuchimba madini), 10 ni uchakavu wa mitambo, na 55 ni faida ya wenye hisa walioko ng'ambo. Pato Ghafi la Ndani litaandika 100 nzima, maadamu uzalishaji umefanyika ndani ya mipaka. Pato Ghafi la Taifa, ambalo huondoa mapato yanayokwenda kwa wageni na kujumlisha yale ambayo wenyeji huyapata nje, litaandika 45. Ukitoa uchakavu, Pato Safi la Taifa ni 35, na hapo bado hatujagusa thamani ya madini yaliyochimbwa, ambayo hayatarudi ardhini.

Pengo hilo kati ya pato la ndani na pato la taifa limeshaonekana. Mwaka 2015 Ireland ilitangaza ukuaji wa zaidi ya asilimia 25, hasa kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia huko haki zao za ubunifu, na baadaye wanatakwimu wake wakaanza kuchapisha Pato Ghafi la Taifa lililorekebishwa. Lesotho, ambayo raia wake wengi wamefanya kazi Afrika Kusini, kwa miaka mingi pato lake la taifa limezidi lile la ndani.

Hata pato safi, lisipogawanywa kwa idadi ya watu na kuondolewa athari ya mfumuko wa bei, litatupotosha. Wastani nao hupandishwa na matajiri wachache, ndiyo maana naona kipato cha kaya iliyo katikati ya orodha, kutoka maskini hadi tajiri, kinastahili uzito zaidi kuliko tunaokipa.

Mfumo mpya wa Hesabu za Taifa, yaani mwongozo wa kimataifa wa kukokotoa vipimo hivi, ulioidhinishwa na Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwezi Machi 2025, unavipa vipimo safi nafasi kubwa zaidi na unahesabu upungufu wa maliasili kuwa gharama ya uzalishaji. Hivyo naomba hotuba ijayo ianze na Pato Safi la Taifa kwa kila mtu, kwa bei za mwaka wa kizio (mwaka mmoja wa kulinganishia, ili kuondoa athari ya mfumuko wa bei), likifuatiwa na kipato cha kaya ya katikati, ndipo lije Pato Ghafi la Ndani. Naomba pia maelezo ya kila tofauti kati ya vipimo hivyo yachapishwe pamoja na hotuba, ili wabunge wayasome kabla ya kupiga kura.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi