Kasuku Hayumo Kitabuni

Dada Zuhura,

Shikamoo. Natumaini mama hajambo na lile goti limeacha kumsumbua. Mimi mzima wa afya. Kazi ni ile ile ya usiku, na siku za mapumziko baridi hainipi sababu ya kutoka nje. Juzi kwenye simu uliniuliza siku hizo huwa nafanya nini, nikakujibu nalala tu. Nilikudanganya. Naangalia filamu, kisha natafuta kitabu ilikotoka, au naanza na kitabu kisha naitafuta filamu, halafu nakaa kitandani nikigombana na vyote viwili. Habari yenyewe ni ndefu kwa simu, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Kabla sijaendelea nina jambo la kukiri. Riwaya ya Vuta N'kuvute sikuwahi kuisoma. Ulipokuwa ukiisoma wewe, kila usiku taa ikizimwa ulinisimulia ulipofika, na asubuhi mimi nikaenda kuwasimulia wenzangu darasani kama msomaji hodari. Hata ubishi wetu wote kuhusu Denge, yule mpigania uhuru, kama alimpenda Yasmin kweli au alipenda siasa zaidi, nilikuwa nabishana na wewe kwa kutumia maneno yako mwenyewe. Nisamehe.

Sasa, mwezi uliopita filamu yake ilionyeshwa katika ukumbi mdogo karibu na ninapokaa. Ni kazi ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, na ilianzia kwenye tamasha la Toronto kabla ya kuzunguka kwingine. Tulikuwa watu kama arobaini, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikisikia yanayosemwa. Wengine walikuwa wakisoma maandishi chini ya picha. Basi kila palipokuwa na neno la kuchekesha, mimi nacheka, kinapita kimya kidogo, ndipo ukumbi unacheka. Mara ya tatu, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu akawa ananigeukia kila nikitoa sauti, ili ajue kicheko kinakuja.

Na muda wote nilikuwa namsubiri kasuku. Nitarudi kwake.

Filamu ni nzuri, dada. Nzuri kwa macho kwanza: vyumba vyake vina giza lenye rangi, na mwanga ukiingia dirishani unamwangukia mtu begani kana kwamba umetumwa. Mwajuma, rafiki yake Yasmin, ameigizwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, na akishika wimbo husikii mtu aliyefundishwa kuimba kwa ajili ya kamera. Kilichonisumbua ni mwendo. Filamu hii inapenda kunyamaza. Watu wanatazamana, moshi unapanda, dakika inapita. Vuta N'kuvute niliyosimuliwa mimi ilikuwa na kelele, watu wanaingia bila hodi na kubishana kabla hawajakaa.

Nikaagiza kitabu. Kilichukua wiki tano kunifikia, nikakimaliza kwa siku tatu, na kelele zile nikazikuta. Shafi Adam Shafi anaandika kama mtu aliyekaa kona akiwasikiliza watu. Mazungumzo ndiyo yanayobeba mzigo. Hata Inspekta Wright na Koplo Matata, wanaomwinda Denge, anawapa nafasi ya kusema mpaka unawacheka huku unawaogopa. Filamu ya saa moja na nusu hivi isingeweza kuwabeba wote hao na bado ibaki na pumzi ya kumtazama Yasmin. Ikachagua mapenzi ya watu wawili. Silaumu. Ila nilipofunga kitabu niliona kwamba nilichokikosa ukumbini hakikuwa tukio fulani. Nilimkosa yule mtu wa kona.

Tangu hapo kila filamu naiuliza swali hilo moja: aliyekuwa akisimulia kitabuni mmempeleka wapi?

Chukua The Shawshank Redemption. Tuliiangalia pamoja, ukalia, ukasema ni vumbi. Filamu ni ya 1994, na imetoka kwenye hadithi ya Stephen King ya 1982, moja kati ya nne zilizomo kwenye kitabu kimoja. Anayesimulia ni Red, mfungwa anayeweza kukuingizia chochote gerezani. Anaanza kama mtu aliyesema paukwa na hakungoja uitikie pakawa. Mwongozaji, Frank Darabont, alikuwa na akili ya kutomnyang'anya mdomo. Alimpa sauti ya Morgan Freeman, na karibu kila kitu tunakipata kupitia kwake. Kitabuni Red ni Mwairishi mwenye nywele nyekundu, ndiyo asili ya jina. Kwenye filamu anaulizwa kwa nini anaitwa hivyo, anajibu labda ni kwa sababu yeye Mwairishi. Sisi tulipita hapo bila hata kutabasamu. Ukishasoma kitabu, huwezi kupita.

Halafu kuna yule mzee Brooks wa maktaba, aliyeachiwa huru akashindwa kuishi nje, akachonga jina lake kwenye boriti. Mahali pale pale ulipolia. Kitabuni Brooks amepewa nafasi ndogo mno: anatoka, anafia kwenye nyumba ya wazee, King anaendelea na yake. Hata yule ndege anayemfuga kwenye filamu hakuwa wake. Kitabuni ni njiwa, na ni wa mfungwa mwingine. Darabont akaokota kipande hapa na kipande pale, akatengeneza dakika chache ambazo nadhani ndizo bora katika filamu yote. Nilizoea kusema filamu huviibia vitabu. Hii ilikopa kidogo ikalipa na riba.

Mwisho nao si mmoja. King anamwacha Red njiani, hajui kama atafika, na anachobaki nacho ni tumaini. Filamu inatupa bahari na marafiki wawili wakikumbatiana. Hapo niko upande wa kitabu, na najua utanipinga, maana ulitaka wakutane tangu katikati ya filamu.

Na vipo vitabu vinavyostahili kukatwa, tusidanganyane. Jaws ya Peter Benchley, ya 1974, ina mapenzi ya siri kati ya mke wa mkuu wa polisi na yule mtaalamu wa papa, kurasa kadhaa nzima, huku papa mwenyewe anangoja baharini. Mwaka mmoja baadaye Spielberg, akiigeuza filamu, aliyatupa mapenzi yale akabaki na papa. Mwenzangu ninayeishi naye ni mtu wa kusema kitabu siku zote ni bora kuliko filamu, hata kitabu ambacho hajakigusa. Nikampa hicho. Alinirudishia baada ya kurasa sitini na siku hizi ile hoja yake haitamki tena.

Iliyoniuma hasa ni Half of a Yellow Sun. Riwaya ni ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya 2006. Filamu ni ya Biyi Bandele, ya 2013. Kitabu kinafunguka na Ugwu, kijana wa kijijini anayepelekwa kuwa mtumishi kwa mhadhiri wa chuo kikuu. Maji ya bomba yanamshangaza. Anachukua vipande vya kuku kwenye friji na kuvitia mfukoni. Nyumba ile, na baadaye vita ya Biafra kule Nigeria, sehemu kubwa unaiona kwa macho ya mtu anayesimama karibu na mlango, anayesikia yote na haulizwi lolote. Tena kati ya sura na sura zimo kurasa za kitabu kingine kinachoandikwa kuhusu vita hiyo hiyo, na unadhani mwandishi wake ni Richard, Mwingereza aliyependa nchi ya watu. Ukifika mwisho kabisa ndipo unapojua kwamba aliyekiandika ni Ugwu. Ilikuwa saa tisa usiku nilipofika hapo. Nilirudi mwanzo nikasoma tena kurasa zile zote za kitabu cha ndani, safari hii kwa sauti yake.

Filamu inaanza na mapacha, Olanna na Kainene, usiku wa uhuru, mavazi na bilauri mikononi. Thandiwe Newton na Chiwetel Ejiofor wameigiza kwa nguvu, na picha za habari za enzi zile zimechomekwa mahali pake. Kitabu kinaruka mbele na nyuma ndani ya miaka ya sitini. Filamu imenyoosha kila kitu kwa mfuatano, na hilo naweza kulivumilia. Ugwu naye yupo. Ni John Boyega. Anafungua mlango, anapokea mizigo, anaonekana nyuma ya bega la mtu. Ndiyo kazi ya mtumishi, unaweza kuniambia. Lakini Adichie alikuwa amemtoa jikoni akampa kalamu. Filamu imemrudisha jikoni. Sijui kama waliketi wakaamua hivyo au ilitokea tu kwa sababu nyota wawili wakubwa walihitaji nafasi, na kwangu mimi yote ni mamoja.

Beasts of No Nation nitaipitia haraka, kwa sababu sitaki mama aione na wewe ukiiangalia utakosa usingizi. Kitabu cha Uzodinma Iweala, cha 2005, kinasemwa na Agu, mtoto aliyegeuzwa askari, kwa Kiingereza chake kilichovunjika ambamo kila jambo linatokea sasa hivi, hata lililokwisha kupita. Kurasa za mwanzo nilizisoma kwa sauti ili nizishike. Filamu ya Cary Fukunaga, ya 2015, haikuweza kuibeba lugha ile yote, ikaleta uso mahali pake: Abraham Attah, mtoto wa Ghana ambaye kabla ya hapo hakuwa mwigizaji. Watu wanamsifu Idris Elba kwa ukamanda wake, na kweli anatisha. Mimi nilishindwa kuyaondoa macho kwa yule mtoto. Kama mdomo lazima ufungwe, basi angalau utupe macho namna ile.

Mama mwonyeshe The Boy Who Harnessed the Wind. William Kamkwamba wa Malawi aliandika kisa chake mwenyewe pamoja na Bryan Mealer, kikatoka 2009: njaa ya 2001 na 2002, kufukuzwa shule kwa kukosa karo, kuingia maktaba, kuona picha ya vinu vya upepo, kuokota vyuma chakavu huku watu wakimwita mwendawazimu. Ejiofor tena, safari hii akiongoza filamu ya 2019 na kumwigiza baba. Na unajua kinachotokea mwongozaji akimwigiza baba: kisa kikawa cha baba pia. Hapa sikukasirika. Kijana anayejisimulia hawezi kuona jinsi baba yake anavyomtazama, na filamu ikaliona hilo kwa niaba yake, hasa katika ugomvi wa baiskeli. Baba ana baiskeli moja, mtoto anataka kuikata.

Nina kinyongo kimoja tu. Kitabuni kinu cha kwanza kiliwasha balbu ndogo. Majirani wakaja kuchaji simu. Pampu ya maji ilikuja baadaye. Filamu imeona balbu haitoshi, ikafanya kinu hicho kivute maji na kuliokoa shamba, tukashangilia wote. Naelewa. Watu wamekaa karibu saa mbili wakiitazama njaa, huwezi kuwaaga kwa balbu. Lakini mimi niliyezoea kukusikiliza gizani naithamini zaidi balbu. Mtoto anayetaka kusoma usiku alitaka taa, akaiwasha.

Haya, kasuku.

Ulinisimulia, na nakumbuka hata sauti uliyoitumia, kwamba Mwajuma alikuwa na kasuku aliyefundishwa kupiga kelele "Mgeni! Mgeni!" kila Koplo Matata alipokaribia, ndiyo maana Denge aliwahi kutorokea nyuma ya nyumba. Usiku mmoja ukasema Matata amemgundua yule ndege, anakuja na kikapu. Ukumbini nilimngoja mpaka taa zikawashwa, nikasema wamemkata, kama walivyomkata Matata nusu yake. Nikaagiza kitabu, nikasoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Hayumo. Hakuna kasuku popote.

Sasa naelewa jambo la kidato cha tatu. Mwalimu alitupa insha juu ya wahusika wadogo na mchango wao, nami nikamwandikia kasuku ukurasa mzima, ujasiri wake na uzalendo wake. Pembeni alichora alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa. Miaka yote hii nilidhani mwandiko wangu haukusomeka.

Sikuandikii kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu ya kile kikapu. Usiku ule ulisinzia Matata akiwa mlangoni, na kesho yake ukaanza sura nyingine kana kwamba hakuna lililotokea. Shafi hawezi kunisaidia, Shivji hawezi kunisaidia. Alikamatwa au aliruka?

Wasalimie wote. Mwambie mama nitapiga Jumapili.

Mdogo wako,
Idi