“Ni mimba tu” si jibu

Mhariri,

Mjamzito akilalamikia kiungulia, choo kigumu au miguu kuvimba, mara nyingi huambiwa “ni mimba tu, vumilia”. Kurasa zenu za afya zisiishie hapo. Anayejua chanzo cha usumbufu hujua la kufanya, na hujua pia lini asivumilie.

Chanzo kikubwa ni homoni ya projesteroni. Huutuliza mji wa mimba usijikaze kabla ya wakati, lakini haichagui msuli: hulegeza pia kilango kati ya umio na mfuko wa chakula, tindikali ikapanda kifuani. Mimba ikikua, mfuko huo husukumwa juu na hali huzidi. Kwa hiyo mama ale kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, na asilale kabla ya saa mbili au tatu kupita tangu mlo. Kurundika mito hakufai sana, kwani humkunja katikati na kuubana mfuko wa chakula. Bora kitanda chenyewe kiinuliwe upande wa kichwani, sentimita 15 hivi.

Utumbo nao hupunguza mwendo. Mabaki ya chakula yakikaa humo muda mrefu, maji mengi hufyonzwa na choo hukauka. Vidonge vya madini ya chuma huongeza tatizo, na wengine huviacha kimyakimya. Hilo ndilo kosa kubwa. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, maji yake yakizidi chembe nyekundu, na mtoto naye anahitaji chuma. Anywe maji ya kutosha, ale mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, atembee. Ikishindikana amwambie mkunga, abadilishiwe dozi au aina ya kidonge. Choo kuwa cheusi kwa sababu ya vidonge hivyo hakuna madhara. Dawa ya kupunguza tindikali huzuia chuma kufyonzwa, basi vipishane kwa angalau saa mbili. Hata chai isinywewe pamoja navyo.

Miguu huvimba jioni kwa sababu mji wa mimba hubana mishipa inayorudisha damu juu. Kupunguza maji ya kunywa, ushauri tunaousikia kila mara, hakusaidii kitu. Mama ainue miguu anapopumzika. Usiku, hasa kuanzia wiki ya 28, alale kwa ubavu, si chali.

Sasa yale yasiyovumilika. Baada ya wiki ya 20, uso au mikono ikivimba ghafla, kichwa kikiuma sana, macho yakiona maruerue au maumivu yakija chini ya mbavu, huenda kifafa cha mimba kinanyemelea: presha na mkojo vipimwe siku hiyohiyo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwaweza kuwa damu iliyoganda. Kukojoa mara kwa mara ni kawaida. Kukojoa kwa maumivu kunahitaji kipimo. Kichefuchefu kinachoanza kwa mara ya kwanza baada ya wiki ya 10 kitafutiwe sababu nyingine, na anayetapika hata maji asisubiri kesho. Kutokwa damu ukeni, au mtoto kupunguza kucheza, ni safari ya hospitali mara moja.

Mkiandika tena kuhusu usumbufu wa ujauzito, tunaomba dalili hizi ziwekwe juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi nzito.

Wakunga, wasomaji wenu